Upande wa Kushoto wa Karatasi ya Nasieku

Tangu Jumanne niliposhuka stendi nikiwa na begi moja, kuku mmoja na bila Nasieku, kila anayeingia dukani ana swali lilelile. Mama wa genge aliuliza mpaka akasahau kitenge alichokuja kununua. Jana fundi baiskeli alikuja kuuliza kwa niaba ya mke wake. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nikipima vitambaa, maana kila mtu anaondoka na kipande chake na kwenda kukishonea nguo anayoitaka yeye. Basi nimeandika yote. Someni, mpeane, halafu mje kununua.

Kwa wageni wa mtaa: mimi ndiye Zuhura wa duka la shuka na vitenge, jirani na msikiti. Kwetu ni Kondoa. Sikujaliwa kuzaa. Nasieku ni mtoto wa fundi cherehani wangu, mama wa Kiiraqw wa Rhotia, aliyekuwa akishonea kibarazani kwangu. Fundi alipofariki mtoto alikuwa na miaka minne, na baba yake, Mmasai wa Arash, alikuwa ametangulia kabla mtoto hajajua kutambaa. Wajomba wa Rhotia walikuwa na mizigo yao. Nikasema aje kwangu. Akaja, akaniita Mamdogo, na sasa ana miaka kumi na saba.

Jina la baba yake sitaliandika humu. Mtaona sababu.

Kabla ya kutoka

Miaka kumi na saba ni umri wa shughuli. Alipomaliza kidato cha nne, mwezi wa kwanza alitaka kuongoza watalii, akawa anaongea Kiingereza hata na mbuzi wa jirani. Mwezi uliofuata akaanza kufunga shuka na kuvaa shanga, akakataa kuitikia salamu ya Kiiraqw ya mjomba wake. Kwenye simu alibadilisha jina lake mara nne. Siku moja tukila mchana akaweka kijiko chini.

"Mamdogo, hivi mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu ambaye hajaosha masufuria."

Hakucheka. Hapo nikajua jambo limekuwa zito.

Chanzo kilikuwa karatasi ya manila. Mwalimu wao wa ushauri aliwaita tena shuleni siku moja, akawaambia wachore mstari mmoja mrefu, katikati waweke nukta, hiyo ndiyo leo. Kushoto waandike walikotoka, kulia wanakokwenda. Wenzake wengi walijaza kulia magari na maghorofa, kushoto wakaandika tarehe ya kuzaliwa tu, wakaenda kucheza mpira. Nasieku alirudi nayo nyumbani. Upande wa kulia aliukunja na kuubana kwa pini za stepla, akaniambia nisithubutu kuufungua. Upande wa kushoto aliubandika wazi ukutani, juu ya kitanda. Ulikuwa na vitu viwili: mazishi ya mama yake, na siku aliyoletwa dukani. Kabla ya hapo alichora alama ya kuuliza kubwa kama andazi.

Nilikaa na lile andazi ukutani wiki tatu. Mwishowe nikamwambia twende Arash tukawatafute watu wa baba yake. Alinikumbatia. Kisha, akiwa na chapati mdomoni, akasema, "Nikiwapata, labda nikae hukohuko. Kidato cha tano siyo lazima sana."

Nikamjibu, "Sawa mwanangu," nikaenda uani kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nilikuwa naogopa. Nitasema wazi, kwa sababu safari nzima niliifanya nikiwa na hofu hiyo moja: kwamba nakwenda na mtoto na nitarudi na begi.

Na jambo lingine sitawaficha. Nasieku alipokuwa darasa la kwanza, Mmasai mmoja alikuja dukani, akanunua shuka mbili, kisha akaanza kuuliza habari za mtoto wa mwenzake wa Arash. Nikamuuliza, huyo mwenzako anaitwa nani? Akatazama chini. Nikamuuliza mara tatu. Mtu anaulizia mtoto, na hata jina la baba hawezi kulisema! Nikamwonyesha mlango kwa sauti iliyosikika mpaka stendi. Nilijisifia ujanja ule miaka kumi.

Karatu hadi ukingoni

Tulitoka asubuhi na basi la Loliondo. Nilibeba mikate miwili, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai na dawa ya kuchua magoti. Magoti yangu mnayafahamu. Kupanda ngazi ya basi ilibidi Nasieku anisukume kwa nyuma, na konda akavuta kwa mbele, na abiria wote wakatoa maoni.

Pale lango la Ngorongoro tulikaa muda mrefu hadi nikamaliza mayai. Nyani mmoja aliingia mlango wa mbele, akatoka na mkate wangu mmoja, na hakuna aliyeonekana kushangaa isipokuwa mimi. Magari ya watalii yalitupita na wazungu wao waliovaa rangi ya vumbi kabla hawajafika kwenye vumbi lenyewe.

Juu ukingoni ukungu ulikuwa mzito. Nimekaa Karatu miaka thelathini na sijawahi kuona kreta, na siku hiyo sikuiona pia. Lori lililokuwa mbele lilikuwa limekwama, tukazima injini tukasubiri. Nasieku alifuta kioo kwa kiganja.

"Mamdogo, ukiwa na umri wangu ulitaka kuwa nani?"

"Mfanyabiashara."

"Unazingua. Sema kweli."

Ukungu una tabia ya kumlainisha mtu. Nikamwambia nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Kule Kondoa nilikuwa nikitangaza taarifa ya habari nikichunga mbuzi, mbuzi wakiwa wasikilizaji. Nilikuja Karatu nikiwa na miaka kumi na saba vilevile, kumsaidia kaka duka kwa mwezi mmoja, na mwezi haujaisha hadi leo.

Alinitazama kana kwamba nimevua wigi. "Wewe? Mtangazaji?"

Nikakohoa kidogo, nikaanza: "Ndugu wasikilizaji, hali ya hewa hapa ukingoni ni ukungu mtupu, na lori lililoko mbele yetu halijatoa maelezo yoyote." Basi zima likacheka. Konda akaomba michezo na salamu. Nikaendelea mpaka lori likanasuka, na kwa kweli sijui ni lini mara ya mwisho nilifurahi namna ile.

Tambarare na Wasso

Tulipoteremka kwenye mbuga, jua likatoka na tairi likapasuka. Tukashuka wote. Twiga walikuwa upande mmoja, wanaume wenye ushauri kuhusu jeki upande wa pili. Hapo ndipo tulipopiga soga na jirani yetu wa kiti, Mmasai mwenye umri kama wa miaka hamsini, aliyebeba paneli ya sola na kuilalisha magotini tangu Karatu kama mtoto mgonjwa. Alijitambulisha kuwa ni Ole Sayalel. Mchangamfu sana. Alitugawia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, mimi nikampa yule mkate uliosalimika na nyani. Alikuwa akinitazama kwa jicho la kunipima, nikadhani ni kwa sababu ya redio.

"Na nyinyi mnaenda wapi?" aliuliza.

"Arash," Nasieku akasema, tabasamu likamjaa uso mzima. "Natafuta watu wa baba yangu. Alifariki zamani. Anaitwa..." Akalitaja jina, lote, la kwanza na la ukoo, kwa sauti ya mtu anayeitwa kwenye mahafali.

Ole Sayalel alifunga kibuyu. Akageuka akatazama mbuga. Nasieku akarudia, akidhani hakusikia. Yule bwana akainuka, akaenda kusimama kwenye jeki na wengine, na tulipopanda tena alikuwa amehamia kiti cha nyuma kabisa, yeye na sola yake. Hadi Wasso hakutusemesha neno.

Wasso tulifika jioni. Basi liliposimama tu, bwana wa sola alikuwa wa kwanza kushuka, akapanda pikipiki akapotea. Tulikwenda kwa mama mmoja anayeuza chai na mihogo. Walikuwepo wanawake wanne wa Kimasai wakingoja usafiri, wachangamfu, wakishika shanga za Nasieku na kumcheka jinsi alivyozifunga. Akawauliza. Akalitaja tena lile jina. Wanawake wakaacha shanga. Mmoja akaweka kiganja mdomoni, mwingine akasema gari lake limefika, na hakukuwa na gari.

Aliuliza watu watano pale Wasso. Watano wote walikuwa kama wamemezeshwa kitu kichungu.

"Baba yangu alikuwa mwizi?" aliniuliza tukiwa chumba cha wageni, akikunja shuka lake vipande vidogo vidogo. "Aliua mtu? Mbona hawataki hata kumsikia?"

"Watakuwa hawamjui."

"Wanamjua, Mamdogo. Umeona macho yao." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kama ndiyo hivyo, ntafuta jina lake kwenye vyeti vyangu. Ntaandika la kwako."

Naomba mnielewe. Hilo ndilo neno nililolitaka kulisikia tangu mtoto huyu ana miaka minne. Na nilipolisikia, likanichoma, kwa sababu alilisema kama mtu anayetupa kitu na siyo kama mtu anayechukua.

Wasso hadi Arash

Kesho yake tulipata lifti kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa akipeleka dawa za mifugo. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Barabara ile haina haja ya kuelezwa. Magoti yangu bado yanaieleza.

Kabla ya kufika, kwenye njia panda yenye mgunga mmoja, mtu alisimama katikati ya barabara akapunga fimbo. Alikuwa Ole Sayalel. Bila sola.

"Shukeni hapa," alisema. "Tutembee. Kuna maneno kabla ya boma."

Nasieku alishuka kwa hasira. "Jana ulitukimbia."

"Sikukimbia. Niliwahi. Mtu hawezi kumletea mama mzee habari kama hii ghafla, lazima umwandae." Akakaa juu ya jiwe, akatutaka tukae. "Binti, sikiliza. Kwetu mtu akifa, jina lake linazikwa naye. Hatulitaji. Shuleni, kwenye makaratasi, haya, serikali haina ukoo. Lakini kwa mdomo, na mbele ya mama aliyemzaa, hapana. Tunasema yule mwenzetu. Tunasema yule wa ng'ombe mwekundu. Wewe jana umelipigia kelele barabarani mara mbili, na Wasso nasikia mara tano. Unafikiri watu walikuwa na chuki? Walikuwa na adabu."

Nasieku alibaki mdomo wazi. "Kwa hiyo unamjua?"

"Tulitahiriwa pamoja. Mimi ni rika lake." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mbugani. "Kwa hiyo mimi pia ni baba yako. Usiniangalie hivyo. Wako wengine saba."

Msichana alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo nilidhani hufanywa na watu wazima tu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe langu nikisikia baridi mgongoni, saa nne ya asubuhi, juani. Mtu asiyeweza kulitaja jina. Aliyetazama chini. Nikamtazama vizuri Ole Sayalel, nikamwongezea nywele, nikampunguzia miaka kumi, nikampa shuka mbili mkononi.

Alikuwa ananitazama pia. "Lile duka bado lipo karibu na msikiti?" aliuliza, taratibu, kama anayeulizia bei ya sukari.

"Lipo," nikasema.

"Vizuri," akasema, akanipa mkono kuniinua.

Bomani

Bibi yake Nasieku, ambaye wote wanamwita Koko, ndiyo kusema bibi, alikuwa amekaa nje ya nyumba yake ya udongo. Haongei Kiswahili. Ole Sayalel alimfundisha Nasieku njiani: usitoe mkono, usiseme shikamoo, inamisha kichwa na usubiri. Akainamisha. Koko akaweka kiganja juu ya utosi wake akakiacha hapo muda mrefu, kisha akamtemea mate kidogo kifuani. Nasieku alishtuka, akanitupia jicho. Nikamfanyia ishara atulie, ingawa hata mimi sikuwa na hakika.

"Ni baraka," Ole Sayalel akasema haraka.

Kisha wakaja akina baba. Mmoja baada ya mwingine, wenye fimbo, kila mmoja akiinamishiwa utosi, kila mmoja akiuliza anasoma nini na atakuwa nani. Asubuhi mtoto hakuwa na baba. Kufika mchana alikuwa na wanane, na wawili kati yao wameshamwambia sketi yake ni fupi. Aliniangalia kwa macho ya kuomba msaada. Nilifurahi kidogo, lazima nikiri.

Halafu likaja suala la mbuzi. Walitaka kutuchinjia, na Ole Sayalel akawaeleza kwamba mimi ni Mwislamu, sili kilichonyongwa, lazima achinje Mwislamu. Wakakubali vizuri tu. Wakauliza, Mwislamu yuko wapi? Wa karibu zaidi alikuwa Wasso, anauza mafuta ya taa. Macho yote yakaja kwangu.

Mimi nimechinja kuku. Mbuzi sijawahi. Na wazee wale hawajawahi kuona mwanamke akichinja kitu chochote, wakaja hata wa maboma ya jirani. Nikauliza kaskazini, upande wa kibla, ni wapi, wakanionyesha wote kwa pamoja bila kufikiri. Nikapewa kisu. Magoti yakakataa kukunjika, nikaangukia makalio, Nasieku akanishika mabega kwa nyuma, nikasema bismillahi na nikafanya inavyotakiwa. Damu ilipomwagika chini, mzee mmoja akaguna kwa uchungu wa kweli, maana kwao ile ni chakula na mimi nimeipa ardhi. Vijana wakapiga vigelegele. Nadhani watanisimulia kule kwa miaka.

Tulipokwisha kula, Koko akanivuta nikae karibu yake. Alikuwa amejifunga shuka lililopauka sana, lililokuwa jekundu zamani. Akanionyesha pindo lake kwa kidole.

Ninyi wateja wangu mnajua, shuka zote zinazotoka kwangu napindia pindo kwa uzi wa kijani. Ni alama yangu. Pindo la Koko lilikuwa la kijani.

Akaanza kusema. Alisema kwa kirefu, akinyoosha mkono kuelekea kusini, akijipiga kifuani, akimwonyesha Ole Sayalel, akinionyesha mimi. Alipomaliza, Nasieku akauliza, "Amesema nini?"

"Anasema shuka ni nzuri," Ole Sayalel akasema.

"Yote hayo?"

"Na haichuji sana."

Koko, ambaye si mjinga, akamkemea, akaanza upya, kwa sauti zaidi. Ole Sayalel akakuna kidevu. "Anasema pia karibuni."

Yule bwana alikuwa akinifichia siri yangu. Nilimfukuza dukani kwangu kama mbwa, na bado alikuwa amesimama mbele yangu akinikinga. Kama ningenyamaza, yangeisha. Tungekunywa chai. Nasieku angejua tu kwamba bibi yake anapenda shuka.

"Nitamwambia mimi," nikasema. "Nasieku, ulipokuwa darasa la kwanza, bibi yako alimtuma mtu Karatu akutafute. Mtu mwenyewe ni huyu. Alikuja dukani, akanunua kwangu shuka mbili, hii ni mojawapo. Nikamwambia anitajie jina la baba yako. Hakuweza, na sasa unajua kwa nini. Nikamfukuza. Nilimwita tapeli."

Nasieku alinitazama bila kupepesa.

"Na siyo hilo tu," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza. "Hata angelitaja, sijui kama ningekubali. Ulikuwa umelala nyuma ya kaunta juu ya majora ya vitenge. Nilikuwa nimekuzoea. Niliogopa."

Aliinuka, akachukua dumu, akaenda mtoni na binti mmoja wa pale. Ole Sayalel alimtafsiria Koko nilichokisema, safari hii neno kwa neno, maana ilichukua muda. Koko akasikiliza. Kisha akachukua kipande cha ini alichokuwa amemwekea mjukuu, akanipa mimi. Nililila nikilia, na lilikuwa zuri.

Jioni ile Nasieku alikaa na bibi yake, siyo na mimi. Asubuhi pikapu ya dawa ilipokuwa ikipiga honi, alikuja na begi langu. Begi lake halikuwepo.

"Mimi nabaki," akasema.

"Sawa."

"Usiseme sawa kwa sauti hiyo. Nabaki mpaka matokeo yatoke. Koko anasema nikifaulu lazima niende kidato cha tano, wachunga ng'ombe anao wa kutosha. Ananisumbua kuliko wewe." Alichora chini kwa kidole cha mguu. "Jana nilikukasirikia sana. Bado nimekasirika, kama nusu hivi."

"Nusu ni haki yako."

"Ukifika nyumbani, ile karatasi. Upande wa kushoto, andika yule mtu aliyekuja. Siku aliyokuja, alichonunua, ulichomwambia. Usimruke. Wewe ndiye uliyekuwepo." Kisha akanisukuma juu ya magunia kwa mikono miwili, kama kawaida yake. "Na ule wa kulia ufungue tu."

Digodigo, na nyumbani

Nilirudi kwa njia ya chini, kupitia Sale, kwa sababu lilipatikana lori la ndizi na viazi vitamu. Hapo Digodigo tukasimama. Mfereji wa mashamba ulikuwa umefunguliwa na maji yalikatiza barabara, na dereva akasema ni zamu ya shamba la upande ule, hakuna wa kuyafunga mpaka zamu iishe. Tukangoja zamu ya maji iishe. Sijawahi kuona foleni inayoheshimiwa namna ile, wala mkutano wa kijiji unaopangwa vizuri kama yale maji.

Mama mmoja alinikaribisha uji kwake. Kwa adabu nikamsifia kuku wake aliyekuwa akipita, nikasema ana manyoya mazuri. Kufumba na kufumbua kuku alikuwa amefungwa miguu na yuko mapajani mwangu. Nilikataa, akaona nimekataa kwa adabu, akamfunga vizuri zaidi. Ndiye huyo mnayemsikia nyuma ya duka.

"Una watoto?" aliniuliza.

Swali hilo kwa kawaida nina majibu yake, mafupi, ya kumaliza maneno. Siku hiyo nikasema, "Ninaye mmoja. Yuko kwa bibi yake, likizo." Nikashangaa lilivyotoka kirahisi.

Nilifika Jumanne. Sikuoga, sikula. Nilikwenda chumbani kwake, nikabandua karatasi ukutani, nikaitandaza juu ya kaunta. Nikaandika upande wa kushoto, karibu na lile andazi, kwa penseli kwanza, kisha kwa kalamu ili isifutike: *Nikiwa darasa la kwanza, Bibi alimtuma Ole Sayalel kunitafuta. Alinunua shuka mbili. Mamdogo alimwita tapeli, akamfukuza.*

Kisha nikang'oa pini za stepla.

Nilitegemea ng'ombe. Nilitegemea boma, au ndege, au Dar es Salaam, mahali popote ambapo mimi sipo. Kulikuwa na mambo machache tu, kwa mwandiko wake wa kubana. Kusoma. Kuongoza watalii, kisha alama ya kuuliza, ndogo. Kumjua bibi mzaa baba, kama yuko hai. Na chini ya hayo, kitu alichokiandika wiki kadhaa kabla ya safari, hata kabla sijaenda uani kuanua nguo mbichi kwa hofu:

*Kumjengea Mamdogo choo cha ndani. Cha kukaa. Sababu ya magoti.*

Karatasi nimeibandika nyuma ya kaunta, imefunguliwa yote. Anayetaka kujua kama Nasieku atarudi, apite aisome mwenyewe. Neno magoti amelipigia mstari mara mbili.